Imam Ghazali na Darasa Zake Mbili

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hii ni habari ya Imam Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, mmoja katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Imam Shafi. Sikukusudia kueleza mambo yake yote. Nataka msomaji aone namna alivyoiacha kazi aliyoiweza kuliko wenziwe, kisha akairejea kazi ile ile naye si mtu yule.

Alizaliwa Tus, katika Khurasani, mwaka wa 450 Hijra (1058). Baba yao alikufa yeye na nduguye Ahmad wangali wadogo, wakalelewa na rafiki wa baba yao, mtu wa usufii. Yasimuliwa ya kuwa alipokuwa akirudi kutoka Jurjan alikosoma, wanyang'anyi waliupora msafara wao. Akamfuata mkubwa wao, akamwomba karatasi zake tu, kwani ilimu yake yote ilikuwamo humo. Mnyang'anyi akamcheka, akastaajabia ilimu inayoweza kuibwa pamoja na mfuko, kisha akamrudishia. Ghazali akakaa miaka mitatu akihifadhi kila alichokuwa amekiandika.

Akasoma Nishapur kwa Imam al-Haramayn al-Juwayni mpaka alipokufa sheikh wake huyo mwaka wa 478 (1085). Mwaka wa 484 (1091), naye hajatimiza miaka 35, waziri Nizam al-Mulk akamweka kusomesha katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Wanafunzi wake walipata 300, na sifa zake zikaenea.

Laiti angalikufa siku zile, tungalimtaja kwa heri na tusingalijua kuwa kuna upungufu. Aliyeujua ni yeye. Aliipima nia yake katika kusomesha, akaona kinachomsukuma ni kutafuta cheo na jina. Nami niliyekaa na watoto chuoni tangu ujana wangu naijua hali hiyo: mdomo wasahihisha herufi, na moyo uko sokoni. Mtoto atahitimu, na mzazi atashukuru, wala hapana ajuaye.

Tangu Rajabu ya mwaka wa 488 (1095) alivutana na nafsi yake karibu miezi sita, leo akiazimu kuondoka, kesho akighairi. Mwisho ulimi ukafungika. Alitaka kusomesha hata siku moja kuwaridhi wanafunzi wake, asiweze kutamka neno. Chakula nacho hakikupita kooni. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi yameanzia moyoni. Akatoa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake. Akawaambia watu kuwa aenda Makka, hali nia yake ni Sham. Nduguye Ahmad akashika darasa.

Dameski alikaa karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mchana kutwa. Akenda Baitul Mukaddas. Na mwaka wa 489 (1096), penye kaburi la Nabii Ibrahim, akaahidi kutopokea mali ya sultani, kutokwenda kwake, na kutoingia katika mabishano. Kisha akahiji.

Katika miaka ile ya faragha alitunga Ihya, vitabu 40. Katika cha kwanza, cha ilimu, ameweka wajibu wa mwalimu: awahurumie wanafunzi kama wanawe, asitake kwao ujira wala shukrani, na kitendo chake kisiikadhibishe kauli yake. Mimi nikiusoma mlango huo huona kuwa ameandika hesabu ya Baghdad.

Mwaka wa 499 (1106) Fakhr al-Mulk, mwana wa waziri yule, akamtaka asomeshe Nishapur, akakubali. Wako wanaouliza: na ahadi ya penye kaburi? Swali si la upuuzi, na naona yeye mwenyewe alijiuliza, kwani alieleza kuwa, ijapokuwa amerejea kusomesha, hakurejea alikokuwa: zamani aliita watu kwenye ilimu ya kupatia cheo, na sasa kwenye ilimu ya kuachia cheo.

Baadaye akarudi Tus, akaweka madrasa karibu na nyumba yake, na pahali pa masufii. Na mtu huyu, aliyesomesha Baghdad, akakaa tena mbele ya masheikh wa Hadithi kama mwanafunzi, akisoma sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Akafa katika hali hiyo, Jumatatu, mwezi 14 Jumada al-Akhira mwaka wa 505 (1111). Mwenyezi Mungu amrehemu.