Bibi Nana Asmau binti Sheikh Uthman bin Fodio

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Degel, nchi ya Gobir. Mahali hapo leo pamo ndani ya Nigeria ya kaskazini. Baba yake ni Sheikh Uthman bin Fodio, mwanachuoni na mujahidi ambaye sifa zake zimeenea Afrika ya Magharibi yote. Alizaliwa pacha na ndugu yake Hasan. Desturi ya huko, mtoto wa kike aliyezaliwa pamoja na Hasan huitwa Husaina. Baba yake hakuifuata desturi hiyo, bali alimpa jina la Asmau, binti wa Sayyidna Abubakar, yule aliyekuwa akimpelekea chakula Mtume (S.A.W.) na baba yake walipokuwa pangoni. Na neno Nana ni la heshima tu, kama sisi tusemavyo Bibi.

Katika ukoo wake kusoma kwa wanawake hakukuwa jambo geni. Dada yake mkubwa, Bibi Khadija, alikuwa mwanachuoni wa fiqhi hata akaifasiri kwa Kifulani Mukhtasar ya Khalil, kitabu kizito cha madhehebu ya Maliki. Lakini nje ya ukoo huo mambo yalikuwa mbali kabisa. Wapo wanavyuoni waliokuwa wakisomesha wanafunzi mchana na usiku, na huku wake zao na binti zao hawajui hata kutawadha sawasawa. Sheikh Uthman aliwalaumu watu hao kwa ulimi na kwa kalamu. Na alipowaruhusu wanawake kuhudhuria darasa zake, wameketi mbali na wanaume, mwanachuoni mmoja wa Bornu alimpinga. Aliyejibu ni Sheikh Abdullahi, nduguye Sheikh: kwamba kuwaacha wanawake katika ujinga ndiyo madhara makubwa zaidi, na palipo na madhara mawili huchukuliwa lililo jepesi.

Mwaka 1804 Sheikh na watu wake walihama Degel kwenda Gudu, vikafuata vita mpaka mwaka 1808 ulipoanguka mji wa Alkalawa, makao makuu ya Gobir. Bibi Asmau aliingia katika taabu hizo akiwa na miaka kumi na moja. Aliolewa na Gidado, rafiki mkubwa wa kaka yake Muhammad Bello. Na Bello alipotawala Sokoto baada ya kufa Sheikh mwaka 1817, Gidado akawa waziri wake. Basi Bibi Asmau alikuwa mke wa waziri, mama wa watoto, na msimamizi wa nyumba kubwa yenye vijakazi, kama zilivyokuwa nyumba za wakubwa wa zama hizo. Msomaji asidhani kwamba alikuwa na faragha ya kusoma. Hata hivyo alitunga tungo zaidi ya sitini, kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, na lugha ya Watuaregi pia aliijua.

Baada ya vita, Sokoto na vijiji vyake vilijaa wanawake wa Kihausa, wengi wao wajane na mateka, walioijua zaidi ngoma ya pepo kuliko Sala. Nani angewafundisha? Walio na watoto wadogo hawakuweza kusafiri, na mwalimu mwanamume hakuweza kuwaingilia majumbani. Yapata mwaka 1830 Bibi Asmau aliunda kundi lililoitwa Yan Taru. Wasichana wadogo na wanawake watu wazima waliokwisha kuzaa walikwenda Sokoto kwa makundi, kila kundi na kiongozi wake aitwaye jaji. Walichukua zawadi za nafaka, pamba na siagi, ambazo yeye aliwagawia maskini. Wakikaa kwake waliuliza masuala yao, wakahifadhi tungo zake, kisha wakarudi vijijini kuwasomesha waliobaki na watoto mgongoni.

Alisomesha kwa mashairi kwa sababu mwenye shairi kifuani hahitaji kitabu wala taa. Katika utungo mmoja aliyatia majina ya sura zote 114 za Kurani. (Watu wa pwani hawatastaajabu, Mwana Kupona wa Pate, aliyeishi zama hizo hizo, naye alimwusia binti yake kwa utenzi.) Kila jaji alimvika kofia pana ya majani, akaifunga kitambaa chekundu. Kofia hiyo katika Gobir ilikuwa alama ya cheo cha bibi mkuu wa ngoma za pepo. Bibi Asmau hakuipiga marufuku. Aliichukua akamvika mwalimu wa dini.

Alipokufa mwanamke wa kawaida aliyekuwa akizalisha wenziwe, kuosha maiti na kusuluhisha magomvi, alimtungia marthiya kama alivyomtungia kaka yake Bello, aliyefariki mwaka 1837.

Bibi Nana Asmau alifariki Sokoto mwaka 1864, akazikwa karibu na baba yake. Ndugu yake Isa alimtungia marthiya, na uongozi wa Yan Taru ukashikwa na dada yake Bibi Maryam. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.