Eileen Gray, mwanamke aliyejenga nyumba kwa kufuata jua

Eileen Gray alikaribia umri wa miaka 50, na hakuwa amesoma ujenzi chuoni, alipoanza kuchora nyumba ambayo leo watu wanatoka mbali kuitazama. Lakini kwa miaka mingi, sifa za kazi hiyo zilipewa wanaume.

Gray alizaliwa tarehe 9 Agosti 1878 karibu na Enniscorthy, huko Ireland. Alisoma sanaa London, kisha akahamia Paris. Huko fundi Mjapani Seizo Sugawara alimfundisha kupaka mbao rangi ya lakeri. Mwaka 1922 alifungua duka lake la fanicha na mazulia.

Mwaka 1926 alianza kujenga Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, pamoja na rafiki yake Jean Badovici, msanifu wa majengo kutoka Romania. Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko wa mawe juu ya bahari, na barabara ya gari haikufika hapo.

Kabla ya kuweka ukuta, Gray alichunguza jua linapita wapi na upepo unatoka upande gani. Kwenye mchoro wake alionyesha njia ya jua pamoja na njia za watu ndani ya nyumba. Chumba cha kulala alikipa jua la asubuhi. Saloni aliielekeza kusini, kwenye bahari, kwa madirisha yanayokunjwa yote hadi ukuta unafunguka. Jua likizidi, kuna vibao vya dirisha vya kusukuma, vinavyopunguza mwanga bila kuzuia hewa. Jiko alilitenga kidogo na vyumba vingine.

Nyumba ilimalizika mwaka 1929. Aliiita E-1027, kwa kuficha majina yao: E ni Eileen, 10 ni J ya Jean, 2 ni B ya Badovici, na 7 ni G ya Gray.

Walipoachana, nyumba ilibaki kwa Badovici. Mwaka 1938, msanifu maarufu Le Corbusier alianza kuchora picha kubwa kwenye kuta zake bila kumuomba Gray ruhusa. Gray, ambaye alizitaka kuta zile zibaki wazi, aliumia sana. Baadaye Le Corbusier alijenga kibanda chake jirani kabisa, na mwaka 1965 alikufa akiogelea katika bahari ile ile. Waandishi wengi waliitaja nyumba kuwa ya Badovici, na wengine kuwa ya Le Corbusier.

Vita vikuu vya pili navyo vilimharibia Gray vitu vingi, na jina lake likasahauliwa. Lilirudi kusikika mwaka 1968, baada ya makala ya mwanahistoria Joseph Rykwert. Alifariki Paris tarehe 31 Oktoba 1976, akiwa na miaka 98.

Mwaka 2009, kiti kimoja alichokitengeneza kiliuzwa Paris kwa zaidi ya euro milioni 21. E-1027 nayo ilinunuliwa na taasisi ya umma ya Ufaransa mwaka 1999, ikatengenezwa upya, na sasa inapokea wageni. Picha za Le Corbusier bado ziko ukutani. Lakini jina linalotajwa kwanza ni la Gray, na jua la asubuhi linaingia chumbani vile alivyopanga.