Santuri za Siti binti Saad si pambo la kabati

Wako watu wafao wakasahauliwa kabla hata arubaini yao haijasomwa, na wako ambao kufa kwao ni kama kuhama nyumba tu. Marehemu Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki tarehe 8 Julai 1950, ni katika hao wa pili. Mimi nilizaliwa miaka ishirini hivi baada ya yeye kuzikwa, na juu ya hayo sauti yake naijua kama ya jirani. Nimeijua kwa santuri. Leo nataka kuwasimulia maisha yake, na santuri hizo ziwe ndani ya hadithi, kwa kuwa siku hizi zimekuwa bidhaa ya kugombaniwa, bei zake zapanda kila uchao, na nachelea kwamba sisi tulioimbiwa tutakuwa wa mwisho kuzisikia.

Alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani katika kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka 1880 au karibu na hapo. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa bara walioletwa kisiwani na dhiki za zama zile. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Msomaji hahitaji kufafanuliwa jina hilo. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja ilikuja mwaka 1897, naye wakati huo alikwisha kuwa mwanamwali. Hakuwa na mali, hakuwa na nasaba ya kujivunia, wala hakubahatika kupata elimu. Kazi aliyorithi nyumbani ilikuwa ufinyanzi. Akifinyanga vyungu, akivitwika kichwani, akenda navyo mjini kwa miguu, na njiani akiimba ili wanunuzi wajue kuwa anapita. Watu wakaanza kuisikia sauti kabla ya kuviona vyungu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kilichokuwa kikijiuza pale hakikuwa udongo.

Mwaka 1911 aliacha kijiji akahamia mjini. Tukumbuke mji ule ulikuwaje. Taarabu ilikuwa mali ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, ndiye aliyependezwa na muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo kujifunza. Nyimbo zikiimbwa kwa Kiarabu, jumba la mfalme likizisikiliza, na mtu wa Ng'ambo akiishia kusikia mwangwi nje ya ukuta. Hata mwaka 1905 ilipoundwa Ikhwani Safaa, ilikuwa jamii ya wanaume. Mwanamke wa shamba, mtoto wa watumwa, hakuwa na mlango wa kuingilia.

Mlango ulifunguliwa na Ali Muhsin, fundi wa muziki aliyeisikia sauti ile akajua thamani yake. Alimfundisha kuimba kwa kufuata udi, naye akashika upesi, maana aliyenyimwa kalamu mara nyingi hupewa hifadhi. Nyimbo za Kiarabu akazipokea kwa moyo. Hapo ndipo Mtumwa akaitwa Siti, jina la heshima linalopewa bibi mtukufu. Mwendo kutoka jina la kwanza hadi la pili ndio umri wake wote.

Kundi lililomzunguka lilikuwa la mafundi: Subeti Ambar, Budda Swedi, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku Effandi Talsam. Huyu Mbaruku alikuwa wetu, mtu wa Mombasa, kipofu, mpigaji udi na mtunzi. Kwa hiyo anayedhani kwamba sifa ya Siti ni ya Unguja peke yake, na akumbuke mkono wa Mvita ulikuwa juu ya nyuzi zile. Wakaalikwa arusini, wakaalikwa majumba ya matajiri na jumba la Sultani Khalifa bin Harub. Na nyumbani kwa Siti, huko Ng'ambo, usiku watu wa kawaida wakikusanyika kusikiliza. Huo ndio mgeuzo mkubwa alioufanya: taarabu aliivua joho la Kiarabu akaivika kanga, akaiimba kwa Kiswahili, mbele ya mchuuzi na mpagazi, hali kadhalika mbele ya mfalme.

Mahasidi hawakukosa. Zilitungwa nyimbo za kumdhihaki kwa sura yake na asili yake, kwamba mtu kama yeye hana la kutambia. Alijibu kwa wimbo, wala hakutukana. Jibu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba uzuri na ukoo si kitu ikiwa mtu hana akili ya kumwongoza. Jibu lile lingali hai katika vinywa vya watu, na waliomdhihaki hakuna awajuaye.

Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenziwe walivuka bahari kwenda Bombay, mji uitwao sasa Mumbai, kutia sauti katika santuri za kampuni ya His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na mwanamke wa kwanza kati yao. Mwaka uliofuata walikwenda tena.

Hapa yafaa tufahamishane santuri hizo zilikuwa kitu gani, kwa kuwa watu wengi huchanganya. Hazikuwa za plastiki iitwayo vinaili. Zilikuwa za aina ya lakiri, utomvu utokao kwa wadudu wa miti ya India, uliochanganywa na vumbi la mawe. Kiwanda cha kampuni hiyo kilikuwa Dum Dum, karibu na Calcutta. Sahani moja ilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Kwa hiyo wimbo ambao arusini ungeendelea nusu saa, watu wakitunza na kuitikia, ulibidi ukatwe ukae ndani ya dakika tatu. Sahani hizo zilikuwa nzito na zikivunjika kama kaure. Sindano ya chuma ilizikwaruza kila zilipopigwa. Sahani za vinaili za kucheza muda mrefu zilianza kuenea Marekani mwaka 1948, Siti akiwa amebakiwa na miaka miwili tu.

Pamoja na udhaifu wao, vipande hivyo vya lakiri vilifanya jambo ambalo hakuna mfalme aliyeweza kulifanya. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika sana juu ya Siti, ametaja kwamba kufikia 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri 72,000 za kundi hilo. Wengi wa wasikilizaji hawakuwa na gramafoni. Walikaa mkahawani, mwenye mkahawa akazungusha mkono wa mashine, kahawa ikanywewa, na sauti ikatoka. Mtu wa Lamu, wa Mombasa, wa Tanga na wa Bagamoyo wakasikia wimbo mmoja kwa lugha yao. Yale yaliyokuwa nyuma ya ukuta wa jumba yakawa barazani, kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Na aliimba nini? Mapenzi, ndiyo, lakini si hayo tu. Aliimba juu ya wenye vyeo walioiba mali ya serikali, juu ya mahakama zilizomwonea mnyonge, juu ya wanawake walioteswa. Wimbo wake uitwao Kijiti wasimulia kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa na mtu huyo kwenda ngomani, akanyweshwa, akadhulumiwa na kuuawa. Muuaji akakimbilia bara. Waliofungwa na mahakama ya Kiingereza ni wanawake wawili waliofika kutoa ushahidi. Gazeti lingeweza kulitaja jambo hilo siku moja likanyamaza. Santuri haikunyamaza. Ilizunguka mikahawani ikauliza suali lile lile kila jioni. Wengine husema muziki ni upuuzi. Mimi nimesoma chuoni kama wao, na najua wanazuoni wamekhitilafiana juu ya ala na nyimbo. Lakini kusimama na aliyedhulumiwa si jambo lenye khitilafu.

Karibu na mwisho wa maisha yake alikutana na Shaaban Robert, naye akaandika wasifu wake, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wamekisoma. Baada ya kufa kwake nyimbo zake zilichukuliwa na wengine, mashuhuri wao Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Mwaka 1988 chama cha waandishi wanawake wa Tanzania kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Jina lake basi halikupotea. Kilichokaribia kupotea ni sauti yenyewe, ile iliyotiwa Bombay.

Ilikuwaje? Zilipokuja sahani za vinaili, na baadaye kaseti, santuri nzito za lakiri zilionekana takataka. Nyingine zilivunjika wakati wa kuhama, nyingine zilitupwa pamoja na gramafoni iliyokwisha springi. Zilizobaki zilikuwa chini ya vitanda na ndani ya masanduku ya wazee. Kisha mambo yakageuka. Huko Ulaya na Marekani watu walirudi kuzipenda sahani. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1987, Marekani iliuza sahani za vinaili nyingi kuliko sidii: milioni 41 kwa milioni 33. Na penye wapenzi wengi, wachuuzi hawako mbali.

Zikazuka sahani za toleo la idadi maalumu. Kampuni hutangaza kwamba itatoa upya muziki wa zamani kwa nakala mia tano au elfu moja, basi, na kila nakala huenda ikatiwa nambari. Tangu 2008 maduka ya sahani ya huko yana siku yao maalumu kila mwaka ya kuuza matoleo kama hayo. Watu hupanga foleni alfajiri. Mmoja hununua ya kusikiliza, mwingine hununua tatu azifungie, zisiguswe na sindano, mpaka bei ipande aziuze. Fikihi inalo neno kwa mwenye kuzuia bidhaa ili watu wahangaike na bei ipande: ihtikari. Najua wanazuoni wamelisema zaidi juu ya chakula, na sahani si chakula, wala sitaki kumtia mtu dhambini kwa fatuwa ya gazeti. Ila tabia ni ile ile, na moyo wenye tabia hiyo ni ule ule.

Sisemi kwamba kutoa upya ni kubaya. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa sidii ya nyimbo za Waswahili za tangu miaka ya 1920 hadi ya 1950, na wengi wetu tulisikia humo sauti tuliyokuwa tukihadithiwa. Mwaka 2020 kitukuu cha Siti, Siti Muharam, aliziimba upya nyimbo za bibi yake, zikatolewa London kwa sahani ya vinaili. Hayo ni mema, na waliofanya wanastahiki shukrani. Lakini tutazame njia ya bidhaa. Sauti ilitoka Ng'ambo ikaenda Bombay ikarudi mkahawani kwa kila mtu. Leo yatoka London, kwa bei ya fedha za kigeni, na mtu wa Kibokoni akitaka kuinunua atapima kati ya sahani na unga wa wiki nzima.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kampuni inapotoa upya wimbo wa kale, mara nyingi huanzia kwenye sahani kuukuu iliyosalimika kwa mtu fulani. Kwa hivyo sahani iliyo chini ya kitanda cha bibi yako huenda ndiyo mbegu yenyewe. Mnunuzi akija mlangoni na noti mbili tatu akaichukua, hakuchukua kipande cha lakiri tu. Amechukua mbegu, na mavuno utauziwa.

Basi nina nasaha tatu kwa mwenye santuri hizo. Kwanza, azihifadhi kwa ujuzi: azisimamishe kama vitabu, asizilaze moja juu ya nyingine, azifute kwa kitambaa laini wala asizioshe kwa spiriti, maana spiriti huyeyusha lakiri. Wala asizipige kwa sindano ya sahani za vinaili, maana mifuo yake ni mipana zaidi. Pili, kabla ya kuuza, na kuuza mali yako si haramu, atafute fundi amnakilie sauti, nakala ibaki kwa watoto na nyingine kwa maktaba ya hapa hapa pwani. Tatu, aandike: jina la wimbo, nambari iliyo kwenye karatasi ya sahani, na ilifikaje kwao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Matajiri wetu nao nawauliza jambo. Tumezoea kuweka wakfu visima, misikiti na madrasa, na kheri hiyo haina mfano. Je, chumba kimoja kilicho kikavu, chenye rafu, mashine na fundi wa kunakili santuri, kingewagharimu nini? Siti binti Saad alikuta nyimbo ndani ya jumba akazitoa zikawa za watu wote. Ikiwa sisi tutaziacha zirudi ndani ya kabati la mtu mmoja, liwe Paris au liwe Nyali, tutakuwa tumeibatilisha kazi ya umri wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na wapigaji wake wote, na atupe sisi busara ya kutunza tulichoachiwa.