Mzee Miyagi wa kweli, sio yule wa kwenye video

Wengi wetu tuliokulia hapa Arusha jina la Miyagi tulilikuta kwenye banda la video. Mimi nilimwona Kaloleni, nimebanwa kwenye benchi la mbao katikati ya watoto kibao. Mzee wa Kijapani anamfundisha dogo wa Kimarekani karate kwa kumpa kazi ya kuosha magari na kupaka uzio rangi. Hiyo ni The Karate Kid, filamu ya 1984. Tulipotoka pale kila mtu alikuwa anasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Kwa taarifa yako, jina lile halikuokotwa njiani. Aliyeandika filamu, Robert Mark Kamen, alikuwa mtu wa Goju-ryu, na jina alilichukua kwa mwanzilishi wa mtindo huo, Chojun Miyagi. Huyo ndiye ninayemleta leo, na nina sababu yangu. Nilipokuwa kijana nilipiga mti wa mparachichi kule Ilboru kila asubuhi kwa miezi kadhaa, eti nakomaza ngumi. Hakuna aliyenielekeza, niliona kwenye video tu. Mpaka leo ikifika Julai, Mlima Meru umejifunika wingu na baridi inauma, vifundo viwili vya mkono wa kulia havikunji sawasawa. Laiti ningemjua mapema mzee wa kweli!

Miyagi alizaliwa Naha, kisiwani Okinawa, tarehe 25 Aprili 1888. Okinawa ilikuwa na ufalme wake, Ryukyu, mpaka Japani ilipoumeza mwaka 1879. Ukoo wake ulikuwa na hela, hivyo alichukuliwa mapema kuwa mrithi wa nyumba kuu. Ila mama yake hakutaka mrithi legelege. Akiwa na miaka 11 alimpeleka kwa mwalimu Ryuko Aragaki, na mwaka 1902, akiwa na miaka 14, dogo akafikishwa kwa mzee mwenyewe, Kanryo Higaonna.

Higaonna huyo, aliyezaliwa 1853, alikuwa amevuka bahari kwenda Fuzhou, China, akajifunza huko miaka mingi. Kwake hukuanza na mateke. Ulianza na Sanchin. Unasimama kifua wazi, vidole vya miguu vimeng'ang'ania sakafu, unapiga hatua chache za taratibu huku unapumua kutoka tumboni na mwili mzima umekazwa. Mwalimu anazunguka anakukagua, anagonga mabega, mgongo, mapaja, aone wapi kuna ulegevu. Ukiangalia kwa nje unaweza kusema mbona hamna kitu. Jaribu dakika tano uone. Inasimuliwa kwamba Miyagi aliwahi kuzimia katikati ya Sanchin.

Halafu kuna vyombo vyao vya tizi, hapo ndipo mimi nachanganyikiwa kwa raha. Chi-ishi ni jiwe lenye mpini, uzito wote uko upande mmoja, kwa hiyo ukilizungusha kiganja, kiwiko na bega vinalazimika kulizuia lisikutoroke. Nigiri-game ni mitungi unayoikamata mdomoni kwa ncha za vidole, unatembea nayo, na kadiri unavyozoea ndivyo unavyoongeza mchanga ndani. Makiwara ni ubao uliochimbiwa ardhini, juu umefungwa kamba ya majani ya mpunga. Sikiliza vizuri hapo: ubao ule unanesa. Ukiupiga unarudi nyuma, unakusukuma, wewe unajifunza kuusukuma. Mparachichi wa Ilboru haunesi hata kidogo! Ile nguvu yote inarudi kwenye mfupa wako.

Mwaka 1915 Miyagi alisafiri mwenyewe mpaka Fuzhou kufuata nyayo za mwalimu wake. Oktoba mwaka huohuo Higaonna akafariki. Baadaye Miyagi akatunga Tensho, kata ya mikono laini inayozunguka kama maji, ikawa mwenzake wa Sanchin iliyo ngumu. Jina la mtindo lilikuja kwa ajabu kidogo. Mwanafunzi wake mkubwa, Jin'an Shinzato, alikwenda kufanya maonyesho Japani bara, akaulizwa anatoka mtindo gani, akakosa jibu, maana wao walikuwa wanafanya mazoezi tu. Aliporudi kumweleza mwalimu, Miyagi akachagua Goju, yaani ugumu na ulaini. Mwaka 1933 jina likasajiliwa rasmi kwenye chama kikuu cha sanaa za mapigano cha Japani.

Mwaka 1934 alialikwa Hawaii, akakaa mpaka mwanzoni mwa 1935. Huko akaona wanamieleka wakifanya mazoezi na pete ndefu ya chuma, nzito kweli kweli, akaipenda akaja nayo. Ndiyo kongoken ya Goju-ryu mpaka leo. Hili nalipenda sana, kwa sababu wapo wanaoapa kwamba mazoezi ya asili hayaguswi hata nukta, wakati mzee mwenyewe alichukua kifaa cha wanamieleka wa Hawaii bila noma.

Ndipo vita vikaja. Oktoba 1944 ndege za Marekani ziliichoma Naha. Kuanzia Aprili 1945 mapigano ya ardhini yaliifuta Okinawa, wakafa watu zaidi ya 200,000, raia na askari wa pande zote. Miyagi alipoteza watoto watatu. Shinzato, yule aliyekuwa anaandaliwa kubeba kila kitu baada yake, naye akafa mwaka huo. Maandishi na kumbukumbu alizokusanya miaka yote zikateketea. Fikiria una miaka 57, nyumba hakuna, mrithi hakuna, na ulichobaki nacho kimo mwilini mwako tu.

Mzee akaanza upya. Mwaka 1946 alikuwa anawafundisha polisi, kisha akafungua mazoezi uani kwake Naha, nje kabisa, bila paa. Vijana waliokuja hapo walikuwa wametoka kuzika ndugu zao. Mikanda hakugawa, hakuna hata mmoja aliyepewa mkanda mweusi na mkono wake. Siku hizi mtu anafanya mazoezi miezi sita anauliza mkanda wa bluu lini, haya bwana.

Alifariki tarehe 8 Oktoba 1953 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 65. Hapa niseme kitu kwa madogo: wapo wanaobana pumzi kwenye Sanchin mpaka mishipa ya shingo inasimama. Hiyo inapandisha presha. Sisemi ndiyo iliyomuua mzee, nasema pumua.

Mwanafunzi wake Ei'ichi Miyazato alifungua Jundokan mwaka 1957, wengine kama Seko Higa, Meitoku Yagi na Seikichi Toguchi wakashika njia zao, mbegu ikasambaa duniani. Bongo ilifika miaka ya 1970 kupitia Mmarekani mweusi, Sensei Nantambu Camara Bomani, pale Dar, kwenye dojo lililojulikana kama Zanaki.

Mimi chi-ishi yangu nimeitengeneza kwa kopo la rangi, saruji na mpini wa jembe. Ina kilo kama nne hivi, naizungusha asubuhi kabla ya kazi, taratibu, huku vifundo vyangu vinalia. Mparachichi sijaugusa tena.

Sasa nyie mliofanya mazoezi Arusha miaka ya 80 na 90, nani aliwahi kukaguliwa Sanchin na mwalimu anayejua? Na mitungi mliipata wapi, au mlibeba ndoo? Mwageni hapo chini kwenye maoni.