William Lever, mfanyabiashara wa sabuni ya sarafu moja aliyefika Kongo kutafuta mawese

Kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu, mama anayenunua sabuni hataji gramu. Anataja noti: ya mia tano, ya elfu moja. Franka ikishuka mbele ya dola, noti inabaki ileile, kinachopungua ni kipande. Wengi wanadhani ni ujanja wa wauzaji wetu. Lakini mambo haya yalikwisha kufikishwa mahakamani Uingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na aliyekuwa katikati yake ni mtu ambaye jina lake lilipewa mji mzima wa Kongo.

William Lever alizaliwa mwaka 1851 huko Bolton, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la vyakula, na kijana alianza kazi humo akiwa bado mdogo. Wakati huo sabuni ilikuja dukani kama mche mrefu usio na jina. Muuzaji aliikata na kuipima kwa mizani. Lever alitaka sabuni ikatwe kiwandani, ifungwe kwenye karatasi, iwe na jina na bei inayojulikana. Mwaka 1884 aliandikisha jina Sunlight. Mwaka 1888 alianza kujenga Port Sunlight, kiwanda pamoja na nyumba za wafanyakazi, karibu na Liverpool.

Kipande cha Sunlight kiliuzwa peni tatu, na kulikuwa na sarafu ya peni tatu. Mke wa mfanyakazi alitoa sarafu moja, akachukua sabuni, hakuna kurudishiana chenji.

Mwaka 1906 bei ya mafuta na malighafi ilipanda. Lever hakugusa bei. Alipunguza uzito, kutoka aunsi 16 hadi 15, yaani karibu gramu 28. Tukipiga hesabu: kufidia upungufu huo kwa bei kungehitaji nyongeza ya sehemu moja ya tano ya peni, na sarafu ndogo kabisa ya Waingereza ilikuwa robo peni. Hakukuwa na sarafu ya kulipia tofauti hiyo. Hata hivyo wanunuzi hawakupigiwa hesabu hiyo. Gazeti la Daily Mail likamshambulia kwamba anawaibia maskini, na mauzo yakaanguka vibaya. Alilishtaki, na mwaka 1907 alilipwa paundi 50,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule.

Kwa sarafu hiyo moja, faida ilitegemea kupata mafuta kwa bei ya chini. Hapo ndipo Kongo inaingia. Mwaka 1911 alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji: kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa maeneo matano ya duara, kila moja lenye kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni, na haki ya kuchagua humo hadi hekta 750,000. Kivu haikuwemo. Lusanga, kule Kwilu, ikaitwa Leverville.

Mapatano yaliweka mshahara wa chini: santimu 25 kwa siku, robo ya franka. Mkataba uliahidi pia shule na hospitali. Lakini wakataji wa ngazi hawakutosha kwa hiari, na wanaume walilazimishwa kupanda michikichi kwa nguvu ya wakubwa wa serikali na waajiri wa kampuni. Nyumba safi za Port Sunlight zilikuwa za Waingereza.

Lever alitembelea Kongo kwa mara ya mwisho mwishoni mwa 1924. Alirudi nyumbani, akafa London tarehe 7 Mei 1925. Miaka michache baadaye kampuni yake iliungana na Waholanzi wa majarini, ikazaliwa Unilever. Mwaka 1931, mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika Kwilu, bei waliyolipwa wakataji wa ngazi ilishushwa huku kodi ikiendelea kudaiwa. Wapende waliasi, na wanajeshi wa koloni waliwaua kwa mamia.

Unilever iliuza mashamba yake ya mawese ya Kongo mwaka 2009. Leverville imerudi kuitwa Lusanga.