Gavana Aliyegawa Vitabu na Kulifunga Mdomo Gazeti la Wanafunzi

Kila baada ya uchaguzi tunaona picha zilezile: mahema meupe, bendi, gavana mpya ameinua Biblia au Kurani, na umati uliotoka vijijini alfajiri. Sisi Wakenya tumezizoea tangu 2013, magavana wetu 47 wa kwanza walipoapishwa. Lakini picha za namna hii ni kongwe kuliko kaunti zetu. Zilizonishika mimi ni za Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Tarehe ni 21 Mei 1928. Anayeapishwa ni Huey Long, mwanamume wa miaka 34.

Watu wapatao 15,000 walifika siku hiyo. Bunge la jimbo wakati ule lilikuwa katika jengo la zamani lenye minara, mfano wa ngome ya wafalme wa Ulaya, kando ya mto Mississippi. Long alisimamisha mahema makubwa kwenye uwanja wake, akaleta bendi za jazi na vinywaji vya bure. Wengi wa wafuasi wake walikuwa wakulima maskini wa Kizungu, watu ambao kwa miaka na miaka waliitazama serikali kama mali ya wenye mashamba makubwa, kampuni za mafuta na wanasiasa wa New Orleans. Kwao haikuwa sherehe tu. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia uwanja ule kama wenyeji.

Ukizitazama picha za enzi hizo, jiulize pia ni nani hayumo. Wakati huo Weusi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya watu wa Louisiana. Tangu katiba ya jimbo ya 1898, karibu wote walikuwa wamefungiwa nje ya uchaguzi kwa sheria za ujanja ujanja. Kwa hiyo tunaposema wananchi walimchagua Long, tuseme ukweli wote: ni wananchi wa rangi moja.

Long alizaliwa 30 Agosti 1893 katika mji mdogo wa Winnfield, kaskazini mwa jimbo. Walikuwa watoto wengi nyumbani. Familia haikuwa fukara ya kulala njaa, lakini eneo lile lilikuwa la watu waliochoka na udongo mbaya na bei mbaya za mazao. Shuleni alikuwa mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa mdomo. Alibishana na walimu mpaka shule ikamchoka, akaondoka bila cheti.

Hapa ndipo pananigusa mimi ninayesomea ualimu. Akiwa bado kijana, Long alishinda ufadhili wa kusoma katika chuo kikuu cha jimbo, Louisiana State University, kupitia mashindano ya mdahalo. Lakini ufadhili ule haukugharimia vitabu wala matumizi, na nyumbani hela hazikuwepo. Basi hakwenda. Yeyote aliyewahi kupata barua ya kuitwa chuoni, kisha akakaa chini na wazazi kupiga hesabu ya kitanda, chakula na nauli, anajua kimya cha kikao kile.

Akageuka mchuuzi. Alizunguka mlango kwa mlango akiuza mafuta ya kupikia yaliyotengenezwa kwa mbegu za pamba. Kuna wakati aliandaa mashindano ya kuoka keki mjini Shreveport ili kuyatangaza mafuta hayo, na humo akakutana na Rose McConnell, wakaoana 1913. Uchuuzi ulimfundisha kitu ambacho hakuna mhadhara ungempa: jinsi ya kuongea na mama aliye jikoni na mzee aliye kibarazani mpaka wakamwamini. Baadaye akakopa pesa, akasoma sheria kwa muda mfupi katika chuo kikuu cha Tulane, akawashawishi wakubwa wamruhusu kufanya mtihani wa uwakili kabla ya wakati, na 1915 akapita.

Akiwa na miaka 25 tu alichaguliwa kuingia katika tume iliyosimamia reli na huduma nyingine za umma. Akatumia kiti hicho kupambana na kampuni ya simu hadi wateja wakarudishiwa sehemu ya fedha zao, na kuisumbua kampuni kubwa ya mafuta ya Standard Oil. Jina likasikika. Mwaka 1924 aligombea ugavana akawa wa tatu. Hakukata tamaa. Akarudi 1928 na kauli ya kwamba kila mtu wa kawaida ana haki ya kuishi kama mfalme, akaongoza katika mchujo wa chama cha Democratic. Katika Louisiana ya wakati ule, mkishamaliza mchujo wa Democratic uchaguzi mmeumaliza.

Sasa vitabu. Mwaka uleule wa kuapishwa kwake, Long alipitisha sheria ya kuwapa watoto wa shule vitabu vya kiada bila malipo, kwa pesa za ushuru wa mafuta na gesi iliyochimbwa ndani ya jimbo. Kabla ya hapo mzazi ndiye aliyenunua, na asiye na uwezo mtoto wake alichungulia cha jirani. Wapinzani walikwenda mahakamani, hasa kwa sababu watoto wa shule za kidini nao walipewa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1930 majaji wakasema sheria iko sawa: anayefaidika ni mtoto, si kanisa.

Viongozi wa Shreveport wakakataa vitabu hivyo, wakidai mji wao si wa kupewa sadaka. Long hakubishana nao sana. Wao walikuwa wanahitaji idhini ya jimbo kuhusu ardhi ya kujengea kambi ya ndege za kijeshi. Akaishikilia idhini hiyo mpaka wakakubali vitabu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika darasa moja wanafunzi wanne waligawana kitabu kimoja, na aliyekaa pembeni alisoma maneno kwa upande. Kwa hivyo ninaposoma habari hii ya Shreveport nataka kumpigia Long makofi. Nataka sana. Lakini angalia mbinu aliyotumia, kwa sababu utaiona tena.

Kazi nyingine alizofanya si mchezo. Alipoingia, jimbo zima lilikuwa na takriban maili 300 tu za barabara zilizowekwa lami au saruji. Miaka michache baadaye zilihesabiwa kwa maelfu. Madaraja yalijengwa juu ya mito iliyokuwa ikivukwa kwa pantoni. Madarasa ya jioni yalifunguliwa kwa watu wazima wasiojua kusoma, Weusi na Weupe, katika jimbo lililokuwa miongoni mwa yaliyobaki nyuma zaidi nchini mwao. Chuo kikuu kile alichoshindwa kukisoma alikipenda kama mwanawe. Kikapata majengo, kikapata shule ya udaktari mjini New Orleans mwaka 1931, na wanafunzi wakaongezeka zaidi ya maradufu. Alitembea mbele ya bendi ya chuo barabarani kama kiranja. Oktoba 1934 alipanga hata treni za kuwapeleka wanafunzi Nashville kutazama timu yao ikicheza. Hebu fikiria, komredi: kiongozi mkubwa anakupangia usafiri wa kwenda mechi ya ugenini. Nani angemchukia?

Basi tuzungumzie upande wa pili. Machi 1929, baada ya kupendekeza ushuru mpya wa senti tano kwa kila pipa la mafuta yanayosafishwa, wabunge walimgeukia, na ukumbi wa bunge ukageuka uwanja wa ngumi. Baraza la Wawakilishi likapitisha mashtaka ya kumbandua. Sisi tunaujua mwendo huu: waakilishi wanashtaki, Seneti inaamua. Seneti ya Louisiana ilikuwa na watu 39, na theluthi mbili zilihitajika kumwondoa. Long akawapata maseneta 15, wakatia sahihi waraka kwamba hawatampata na hatia hata ushahidi uwe upi. Hesabu ikafa hapo hapo. Baadaye waliotia sahihi walifaidi vyeo na upendeleo.

Kuanzia hapo Long alibadilika, au tuseme alionekana wazi zaidi. Aliwaweka watu wake kila ofisi, na wengi aliowateua walitakiwa kuacha kwake barua za kujiuzulu zisizo na tarehe. Wafanyakazi wa jimbo walikatwa sehemu ya mshahara kuingia katika sanduku la siasa zake. Mwaka 1930 alichaguliwa seneta wa kwenda Washington, lakini akakataa kuachia ugavana kwa zaidi ya mwaka mzima kwa sababu hakutaka naibu wake akalie kiti. Alipoondoka 1932 alimwacha gavana aliyemtii, na yeye mwenyewe akawa anarudi Baton Rouge kuwaambia wabunge wapitishe nini. Wakati huo lilikuwa limekwisha kujengwa jengo jipya la bunge, ghorofa 34, refu kuliko bunge la jimbo lolote Marekani.

Magazeti makubwa yalimpinga. Mwaka 1934 yakawekewa kodi ya asilimia mbili ya mapato ya matangazo, na kwa bahati iliyopangwa vizuri, kodi ikawahusu wenye mauzo makubwa tu. Mahakama ya Juu iliifuta 1936.

Na gazeti la wanafunzi je? Mwezi Novemba 1934, wiki chache baada ya zile treni za Nashville, gazeti la chuo, The Reveille, lilikuwa linataka kuchapisha barua ya mwanafunzi. Long alikuwa amefanya mzaha wa kumpa mchezaji nyota wa timu ya chuo kiti cha useneta wa jimbo, na mwandishi wa barua aliona kwamba huko ni kulidhihaki bunge. Ni barua tu, ya aina inayoletwa kwa mhariri wetu kila toleo. Long akapata habari, mitambo ikasimamishwa. Chuo kikamweka mtu wa kukagua kila kitu kabla hakijachapwa. Wahariri wakajiuzulu. Wanafunzi 26 waliotia sahihi ya kupinga wakasimamishwa masomo. Wengi wao waliomba radhi wakarudishwa. Saba walikataa, wakafukuzwa, wakaenda kumaliza masomo yao ya uandishi wa habari katika chuo kikuu cha Missouri.

Mkono uliosimamisha mitambo ni uleule uliogawa vitabu. Mbinu nayo ni ileile ya Shreveport: shika kitu wanachokihitaji, kisha subiri wapige magoti. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza waliominywa walikuwa wakubwa wa mji tusiowahurumia. Mara ya pili walikuwa ni vijana wa umri wetu.

Long hakufika uzeeni. Alikuwa ameanza kampeni ya kugawana utajiri wa nchi, na watu walimwona kama mgombea urais wa 1936. Usiku wa 8 Septemba 1935 alikuwa katika jengo lake jipya, bunge likishughulikia mswada ambao ungemwondolea kiti jaji mmoja mpinzani wake. Mkwe wa jaji huyo, daktari Carl Weiss, alimkaribia ukumbini. Long alipigwa risasi, na walinzi wakamuua Weiss palepale. Siku mbili baadaye Long akafa, na umri wake miaka 42. Picha za mazishi zinaonyesha umati mkubwa kuliko ule wa kuapishwa. Wanakadiria watu 200,000. Walimzika kwenye bustani mbele ya bunge, na sanamu yake ipo hapo ikilitazama jengo.

Wapo watakaosema maskini hali uhuru wa gazeti, anakula chakula, anapita barabara, anasoma kitabu. Siwezi kuwacheka. Mama wa Winnfield aliyemwona mwanawe akija na kitabu kipya hakuwa mjinga kumlilia Long. Lakini vitabu vile vililipwa na mafuta yaliyotoka chini ya ardhi yao. Havikuwa vya Long. Alichofanya ni kuvitoa kwa waliovishikilia, na hilo ni jambo jema, kisha akadai alipwe kwa utii, na hapo ndipo alipowadhulumu.

Hapa chuoni tunakaribia uchaguzi wa chama chetu. Tutaahidiwa mabasi ya mechi, bei za chini kantini, na bursari za kaunti zitakazopitia mkono wa fulani. Vingine vitaletwa kweli, na tuvipokee, kwa sababu ni ada zetu na kodi za wazazi wetu. Ila kabla hujapiga kura muulize mgombea wako swali dogo: jarida hili likiandika vibaya juu yako, utafanya nini? Kisha usikilize atakavyojibu, na umpime kwa jibu hilo.