Andrea Kaggwa, Mkuu wa Ngoma

Mwezi wa Mei tulikwenda Munyonyo, sisi wanafunzi wachache pamoja na mwalimu wetu wa historia. Ni mwendo mfupi kutoka katikati ya Kampala, upande wa ziwani. Darasani mwalimu alikuwa ametusimulia habari za majumba ya kale ya Uingereza, kama Harvington Hall, ambamo Wakatoliki waliokatazwa dini yao waliwaficha mapadre chini ya ngazi na ndani ya kuta. Basi nilishuka garini nikitazamia kuonyeshwa maficho kama hayo. Sikuyaona. Nyumba za Munyonyo za wakati ule zilikuwa za matete na nyasi, nazo zimekwisha toweka. Tulionyeshwa mahali alipouawa Andrea Kaggwa, nami nikataka kujua habari zake.

Kaggwa alizaliwa Bunyoro. Alipokuwa mtoto alitekwa na askari wa Buganda, akaletwa kwa Kabaka Mutesa, akawa mtumishi wa ikulu. Mwaka 1879 Mapadre Weupe walifika Buganda. Kaggwa akaenda kusoma kwao, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Mwaka ule ule mapadre waliondoka nchini, wasirudi mpaka 1885. Katika muda huo hapakuwa na padre hata mmoja. Wasomaji wenyewe ndio waliofundishana, na Kaggwa alikuwa mmoja wa walimu hao, akifundisha nyumbani kwake.

Mutesa alipokufa mwaka 1884, Mwanga alitawala. Alimpenda Kaggwa tangu ujana wao, akamfanya mkuu wa wapiga ngoma wake. Kabaka alijua kabisa kwamba rafiki yake anasali. Hapo ndipo nilipofahamu: Kaggwa hakuwa na ukuta wa kujificha, kinga yake ilikuwa urafiki wa mfalme tu.

Lakini Katikiro alimchukia, maana Kaggwa alikuwa akiwafundisha dini hata watoto wake. Tarehe 25 Mei 1886 Kabaka alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani, akakuta watumishi wake hawapo. Alipojua kwamba kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mwana wa Katikiro, alimchoma kwa mkuki. Usiku ule Karoli Lwanga aliwabatiza kwa siri vijana kadhaa mle mle ikuluni, na Kizito miongoni mwao. Asubuhi yake Katikiro alidai Kaggwa auawe. Kabaka alisitasita, kisha akakubali. Kaggwa angeweza kukimbia, lakini alingoja. Alikatwa mkono kwanza, ukapelekwa kwa Katikiro, ndipo akakatwa kichwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Karoli Lwanga, Kizito na wenzao walipelekwa Namugongo, wakachomwa moto tarehe 3 Juni.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi ishirini na wawili kuwa watakatifu, naye Kaggwa ni mmoja wao. Mwaka 2015 Papa Fransisko alipofika Munyonyo, alikutana hapo na makatekista na walimu.

Njiani kurudi hatukupiga kelele kama kawaida yetu. Mimi nilikuwa nikimfikiri mtu yule aliyeletwa mateka, akapewa ngoma za mfalme, naye akaona heshima iliyo kubwa zaidi ni kufundisha. Wenzangu, na ninyi mliotutangulia shuleni, mkipata nafasi nendeni Munyonyo mkapaone.